Mnanaha, Ngoma na Njozi za Macho Wazi

Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki na visiwa vyake humea mmea mmoja ambao watoto huufahamu kwa sura kabla ya kufundishwa jina lake. Hupenda kuota kando ya majaa, penye magofu, na katika mipaka ya mashamba yaliyoachwa bila kulimwa. Maua yake ni marefu, yana umbo la tarumbeta, na rangi yake huwa nyeupe au ya zambarau. Tunda lake ni la mviringo, lina miiba, na likikauka hupasuka na kutoa mbegu nyingi bapa. Mmea huo ni mnanaha. Wataalamu wa mimea wameuweka katika jenasi iitwayo Datura, ndani ya ukoo mmoja na nyanya, biringani, mbatata, pilipili na tumbaku. Wazee wa mashamba huwaonya watoto wasiuchezee, na wana haki kabisa.

Makala haya yaeleza namna mnanaha na vitu vingine viletavyo njozi vifanyavyo kazi katika ubongo wa binadamu, uhusiano wake na ngoma na matamasha ya muziki, na madhara yake kwa afya ya akili. Jambo hili lina uzito wake kwa mwalimu wa sekondari wa Chake Chake, Wete au Mkoani. Kijana wa leo huona katika simu yake picha za matamasha ya Ulaya na Marekani, ambako maelfu ya vijana hucheza usiku kucha, na husikia kwamba baadhi yao humeza vidonge au uyoga wa kuwaonyesha rangi na maumbo yasiyokuwapo. Vitu hivyo hana. Lakini nyuma ya nyumba yao, bure na bila ulinzi wowote, umesimama mnanaha, ambao naye amesikia kuwa huleta njozi. Akidhani kwamba kila kiletacho njozi ni kitu kimoja, atakuwa amefanya kosa ambalo laweza kumgharimu maisha yake. Kosa hilo haliwezi kurekebishwa kwa kukemea peke yake. Hurekebishwa kwa kujua kemia na fiziolojia.

Jicho, moyo na jasho

Mwaka 1921 mwanafiziolojia Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha katika mji wa Graz, Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura na kuitia katika maji ya chumvi, nayo ikaendelea kupiga. Moyo wa kwanza ulikuwa bado na neva yake iitwayo vagasi. Loewi aliisisimua neva hiyo kwa umeme, na moyo ukapunguza mwendo, jambo ambalo lilikuwa likijulikana. Kisha akayachota maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyamimina juu ya moyo wa pili. Nao ukapunguza mwendo, ingawa haukuguswa na umeme wowote. Hapana maelezo mengine ila kwamba neva ilitoa kitu fulani cha kemikali, na kitu hicho ndicho kilichopeleka amri kwa moyo. Baadaye kilithibitishwa kuwa ni asetilikolini. Loewi pamoja na Mwingereza Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936 kwa kazi hiyo.

Asetilikolini haiendeshi moyo tu. Ndiyo iaminishwayo na mwili kazi ya kufinya mboni ya jicho penye mwanga mkali, kutoa mate kinywani, kusukuma chakula matumboni, kukamua kibofu, na kuzifungua tezi za jasho. Katika ubongo hushiriki katika uangalifu na katika kuweka kumbukumbu. Kila mahali ifanyapo kazi, asetilikolini hujishikiza kwenye kipokezi maalumu juu ya seli, mfano wa ufunguo katika tundu la kufuli.

Mnanaha una kemikali tatu za jamii moja: atropini, hiosiamini na skopolamini. Umbo la molekuli zake laziwezesha kuingia katika tundu lilelile la kufuli, ila haziligeuzi. Hukaa humo na kuuzuia ufunguo wa haki usiingie. Mwanafunzi akilielewa jambo hilo moja, aweza kuzitaja dalili zote za sumu ya mnanaha bila kuzikariri: mboni hupanuka na mwanga humwumiza mgonjwa, kinywa hukauka hata kusema kukawa kwa shida, tumbo husimama, mkojo huzuilika, moyo hupiga mbio kwa kuwa breki yake imeondolewa, ngozi huwa nyekundu, kavu na ya moto.

Dalili hiyo ya mwisho yastahili kufikiriwa zaidi katika nchi yenye joto. Mwili wa mtu achezaye ngoma hutengeneza joto jingi, na Pemba hewa yenyewe ni ya joto na unyevu. Njia kubwa ya kujipoza ni jasho. Mtu aliyekula mnanaha hatoi jasho. Akiendelea kucheza katika umati, joto la mwili hupanda bila kizuizi, na hali hiyo peke yake yaweza kumwua kabla ya moyo wala ubongo kushindwa.

Si ajabu kwamba dawa hiyohiyo, ikipimwa, ni rafiki mkubwa wa hospitali. Madaktari wa macho huitumia atropini kuipanua mboni, na mkulima aliyevuta au kunywa kwa bahati mbaya sumu za kuulia wadudu za aina ya fosfeti huokolewa kwa sindano ya atropini, maana sumu hizo huzidisha asetilikolini mwilini. Tofauti ni kipimo. Daktari hujua miligramu ngapi ziko ndani ya kichupa, lakini mnanaha hauna kipimo. Mmea mmoja hutofautiana na mwenziwe ulio jirani, mbegu hutofautiana na jani, na mmea wenyewe hubadilika kwa umri, udongo na majira. Mtu aliyekula kiasi fulani mwaka jana na asife hana dalili yoyote ya kumhakikishia usalama wake mwaka huu.

Kuweweseka

Hali ya akili ya mtu mwenye sumu ya mnanaha yaitwa kuweweseka, na neno hilo la Kiswahili lafaa kuliko mengi ya kigeni. Mgonjwa hajui yuko wapi wala ni saa ngapi. Huokota vitu hewani, huzungumza na watu wasiokuwapo kana kwamba wamekaa naye barazani, hugombana nao, huvua nguo, hukimbia. Hawezi kabisa kutambua kuwa ayaonayo si kweli. Akipona, mara nyingi hakumbuki lolote.

Mifano haikosekani katika historia. Mwaka 1676, katika koloni la Virginia huko Amerika ya Kaskazini, askari wa Kiingereza waliopelekwa mjini Jamestown kuzima uasi walipika majani ya mmea wa jenasi hii wakidhani ni mboga. Mwandishi Robert Beverley, katika kitabu chake cha mwaka 1705, alisimulia kuwa walikaa siku kumi na moja katika upumbavu, wakipuliza manyoya hewani na kuwachekea wenzao, na waliporudiwa na fahamu hawakukumbuka kitu. Huko Marekani mmea huo bado una jina litokanalo na mji ule.

Tanzania nayo ina mfano wake. Mwaka 1991 jarida moja la tiba za nchi za joto lilichapisha taarifa ya daktari Rwiza juu ya mkumbo wa watu walioletwa katika hospitali ya serikali ya Usangi, Upareni, kwa sumu ya mmea wa jenasi hii iliyokuwamo katika chakula. Na Machi 2019, huko Karamoja nchini Uganda, karibu watu 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula unga wa lishe uliogawiwa kama chakula cha msaada. Uchunguzi wa maabara uligundua atropini na skopolamini ndani ya unga huo. Mbegu za gugu hilo zilikuwa zimechanganyika na mazao shambani. Watu hao hawakutafuta njozi yoyote. Walikuwa na njaa tu.

Kufuli nyingine

Vitu vitumiwavyo katika matamasha ya nchi za Magharibi ni vya namna nyingine. Mashuhuri kati yake ni LSD, iliyotengenezwa mwaka 1938 na mkemia Albert Hofmann katika maabara ya kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi. Nguvu yake haikujulikana mpaka Aprili 1943, alipoionja bila kukusudia, na siku tatu baadaye kwa kukusudia. Hofmann huyohuyo ndiye aliyetenga silosibini mwaka 1958 kutoka katika uyoga utumiwao na Wahindi Wekundu wa Meksiko katika ibada zao za uponyaji.

Molekuli za LSD na silosibini hazina ugomvi na asetilikolini. Zinafanana na kemikali nyingine ya neva, serotonini, na hujishikiza kwenye vipokezi vyake vya aina moja vilivyo vingi katika gamba la ubongo. Jambo hili lilithibitishwa kwa binadamu mwaka 1998, wakati Franz Vollenweider na wenzake wa Zurich walipowapa watu dawa ya kuvifunga vipokezi hivyo kwanza, kisha silosibini, njozi hazikutokea. Jaribio hilo lapendeza kwa usahili wake, na mwalimu wa biolojia aweza kulitumia darasani kama mfano wa namna ya kuonyesha chanzo cha jambo: funga mlango mmoja, uone kama mgeni bado ataingia.

Kwa sababu kufuli ni tofauti, hali nayo ni tofauti. Mtu aliyekunywa silosibini kwa kawaida hujua jina lake na mahali alipo, hujua kuwa amekunywa kitu, na kesho yake hukumbuka. Ukuta huonekana kama unapumua, sauti hupata rangi, wakati hurefuka, mawazo ya zamani hufufuka kwa nguvu. Kwa kipimo cha kawaida ni nadra mwili wenyewe kuangamia. Lakini hofu yaweza kumshika mtu kwa ukali usio na mfano, naye akajirusha au akakimbilia barabarani. Zaidi ya hayo, anunuaye kizani hajui anunuacho: miaka ya 2010 kulienea vipande vya karatasi vilivyouzwa kwa jina la LSD kumbe vimetiwa kemikali nyingine zenye sumu kali zaidi, na vifo vikatokea. Biashara ya LSD na silosibini ilipigwa marufuku kimataifa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971.

Basi neno moja, njozi, limebeba mambo mawili. La kwanza ni ubongo uliochochewa kupita kiasi huku mwenyewe akishuhudia. La pili, yaani la mnanaha, ni ubongo uliozimwa taa. Hakuna ajuaye hali zote mbili atakayezichanganya.

Ngoma bila dawa

Ni nini basi kinachofanya vitu hivi vihusishwe na muziki? Jibu la haraka ni kuwa muziki nao huibadili akili. Wapemba hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Ngoma za pepo zimechezwa kisiwani kwa vizazi vingi. Na katika mji wa Unguja, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Kjersti Larsen wa Norwei katika kitabu chake cha mwaka 2008, pepo wa kundi la rubamba husemekana asili yao ni Pemba. Ngoma ipigwapo na nyimbo za pepo huyo zikaimbwa, aliye na pepo hupandisha: sauti yake hubadilika, mwendo hubadilika, naye huzungumza kama mtu mwingine. Katika kundi jingine, la kibuki, pepo hunywa brandi. Hata hivyo ulevi si chanzo cha kupandisha, kwani rubamba na ruhani hupanda bila kileo.

Wataalamu walibishana kwa muda mrefu juu ya sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Andrew Neher alidai kuwa mapigo ya ngoma yenye kasi fulani huyalazimisha mawimbi ya umeme ya ubongo kufuata kasi hiyo, na hivyo mtu hupagawa kama mashine iliyobonyezwa. Mfaransa Gilbert Rouget, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1980 juu ya muziki na kupagawa, alilipinga dai hilo. Hoja yake yaweza kufupishwa hivi: ingekuwa mapigo peke yake yatosha, basi wapiga ngoma wangepagawa kwanza, na kila apitaye njiani angepagawa. Hayo hayatokei. Watu hupagawa kwa ngoma waliyofundishwa maana yake, mahali panapostahili, mbele ya watu wanaowatarajia wapagawe. Msewe na kibati huchezwa Pemba kwa furaha kubwa na hakuna apandishaye. Hoja ya Rouget ina nguvu zaidi, na mwenyeji wa Pemba ana ushahidi wa kutosha wa kuipima mwenyewe.

Matarajio hayo hufanya kazi hata pale ambapo dawa ipo. Mwaka 1972 mtaalamu wa muziki Thomas Johnston alichapisha maelezo ya unyago wa wasichana wa Watsonga, kusini mwa Afrika, ambao hunyweshwa dawa ya mmea wa jenasi ya mnanaha huku ngoma zikipigwa. Kabla ya siku hiyo wasichana huambiwa waziwazi watakayoyaona na sauti watakazozisikia. Kipimo huwa mikononi mwa mama mzoefu, muda wake una mwanzo na mwisho, na hakuna aachwaye peke yake. Hiyo haina maana kwamba sumu imekoma kuwa sumu. Maana yake ni kuwa jamii iliyoikabili sumu hiyo kwa vizazi iliizungushia ua, na kijana ajichumiaye mwenyewe jaani ameurukia ua huo bila kujua kuwa ulikuwapo. Mwaka 1984 daktari wa Marekani Norman Zinberg aliandika kitabu kizima kueleza kwamba athari ya dawa yoyote ya kulevya hutokana na mambo matatu: dawa yenyewe, akili ya aitumiaye, na mazingira aliyomo.

Tamasha la Woodstock la Agosti 1969, katika jimbo la New York, lilionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Watu zaidi ya 400,000 walikusanyika mashambani kwa siku tatu zilizozidi kuwa nne, mvua ikinyesha, na LSD ikipita mkono kwa mkono. Kutoka jukwaani ilitangazwa kuwa LSD ya rangi ya kahawia haikuwa nzuri. Wengi walioingiwa na hofu walipelekwa katika mahema, wakakalishwa mahali patulivu, wakazungumzishwa kwa upole mpaka dawa ikaisha nguvu. Kisha aliyetulia aliombwa amsaidie aliyefuata. Utaratibu wa namna hiyo sasa ni kazi rasmi katika baadhi ya matamasha, kama lile la Boom nchini Ureno. Ni vyema isisahaulike kuwa maneno matulivu yalifaa kwa sababu mgonjwa wa LSD husikia na kuelewa aambiwalo. Kwa aliyekula mnanaha hayatoshi.

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004, na michezo ya sikukuu kama ile ya Tibirinzi mjini Chake Chake, haikujengwa juu ya vitu hivi, na hapana sababu ya kuitia doa. Muziki haumtii mtu sumu mwilini. Ila umati, giza, joto na hamu ya kijana kuonekana shujaa mbele ya wenziwe hukutana mahali hapo, na hapo ndipo jaribio la kipumbavu hufanywa mara nyingi.

Kusoma takwimu

Swali ambalo wanafunzi huuliza ni hili: je, vitu hivi huleta wazimu wa kudumu? Tafiti mbili zaonekana kupingana.

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Norwei, Krebs na Johansen, walichambua majibu ya Wamarekani 130,000 waliohojiwa katika uchunguzi wa taifa. Karibu 22,000 kati yao waliwahi kutumia LSD, silosibini au vitu vya jamii hiyo. Watafiti hawakuona kuwa kundi hilo lilikuwa na matatizo ya akili zaidi ya wengine. Mwaka 2024 Daniel Myran na wenzake walichapisha uchunguzi wa jimbo la Ontario, Kanada, wenye watu zaidi ya milioni 9. Watu 5,217 kati yao walikuwa wamefikishwa hospitali kwa dharura iliyohusu vitu viletavyo njozi. Katika miaka mitatu iliyofuata, karibu 4 katika kila 100 wa kundi hilo walitambuliwa kuwa na ugonjwa wa jamii ya skizofrenia. Katika watu wengine waliobaki, walikuwa 15 tu katika kila 10,000.

Mwanafunzi apige hesabu: 4 katika 100 ni 400 katika 10,000, yaani zaidi ya mara 26 ya 15. Lakini asikimbilie kuhukumu. Wale waliofika hospitali hawakuwa sawa na wengine tangu mwanzo. Wengi wao walikuwa na matatizo ya akili ya awali, au walitumia na vitu vingine. Watafiti walipozipunguza tofauti hizo kwa njia za takwimu, hatari ilibaki karibu mara tatu na nusu. Hiyo bado si ndogo.

Je, nani mkweli? Wote wawili, kwa kuwa hawakuuliza watu wale wale. Uchunguzi wa kwanza ulifanywa kwa watu waishio majumbani walioweza kujibu maswali, na kwa kila aliyewahi kuonja hata mara moja. Aliyeharibikiwa akawa amelazwa hakuhojiwa. Uchunguzi wa pili ulianza na walioharibikiwa tayari. Jambo moja halina ubishi: watafiti wanaojaribu silosibini kama dawa ya unyongo wa moyo, na kazi hiyo yaendelea katika vyuo vikuu kadhaa, huwaondoa katika majaribio yao watu wenye wazimu katika ukoo. Kuna watu ambao akili zao zimekaa ukingoni, na msukumo mdogo huwatosha. Wengi wa hao hawajijui, na umri ambao skizofrenia huanza kujitokeza ni huohuo wa mwisho wa sekondari na mwanzo wa utu uzima.

Kwa bangi, ambayo Pemba yajulikana zaidi kuliko LSD, ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1987 Andréasson na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 45,570 walioandikishwa jeshini Uswidi, kwa muda wa miaka 15. Waliokuwa wameivuta zaidi ya mara hamsini kabla ya kuandikishwa walipatwa na skizofrenia mara sita zaidi ya wale wasiovuta.

Kuhusu mnanaha, kuweweseka kwenyewe huisha kwa siku chache kwa wengi wa waliookoka, ijapokuwa mboni zaweza kubaki zimepanuka kwa muda zaidi. Hatari yake kubwa ni ile ya saa za mwanzo.

Mgonjwa alalapo mbele ya watu

Hospitali ya magonjwa ya akili ya Visiwa vya Zanzibar ni Kidongo Chekundu, mjini Unguja. Kutoka Pemba ni safari ya bahari au ya ndege. Mtu akianza ghafla kupiga makelele na kuzungumza na hewa, jamaa zake wana njia tatu mbele yao: kumwita mganga kwa kuwa amepandwa na pepo, kumpeleka kwa shekhe akasomewe na kunyweshwa kombe, au kumpeleka hospitali ya wilaya. Si kazi ya mwalimu kubishana na imani ya wazazi wa mwanafunzi wake. Aweza hata hivyo kuwaambia kuwa kisomo chaweza kusubiri hadi jioni, lakini mwili unaoungua bila jasho hauwezi.

Hata hospitalini kosa laweza kutokea. Mgonjwa mwenye fujo huonekana kama mwenye wazimu wa kawaida, na dawa ya zamani ya kumtuliza mgonjwa wa namna hiyo ni klopromazini. Lakini klopromazini yenyewe hufunga vipokezi vya asetilikolini, kama atropini, ingawa kwa nguvu ndogo. Kumpa aliyekula mnanaha ni kuongeza kufuli juu ya kufuli. Madaktari hupendelea diazepamu, maji mengi ya kumpoza mwili, na kuutazama moyo na mkojo wake. Iko dawa hasa ya kuigeuza sumu hiyo, fisostigmini, itokanayo na maharage ya Calabar ya Afrika ya Magharibi, ila hutolewa na mjuzi tu, na hospitali nyingi hazina.

Kwa hiyo kutambua ni nusu ya tiba, na si kugumu. Skizofrenia huja polepole kwa majuma na miezi, na mgonjwa husikia sauti huku akijua aliko. Mnanaha huja kwa saa moja au chache, na mgonjwa huona zaidi ya kusikia, bila kujua aliko. Kisha yapo macho. Darasani, mwanafunzi mmoja akae mahali penye kivuli na mwenziwe amulike jicho lake mara moja kwa mwanga hafifu wa tochi: mboni itajifinya papo hapo. Kwa aliyekula mnanaha haitajifinya. Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake hatalisahau, na siku moja atakuwa yeye ndiye amwambiaye mwuguzi wa zamu.

Mgonjwa huyo asiachwe peke yake, asifungwe kamba, asilazimishwe kunywa kitu wala kutapika akiwa hana fahamu kamili. Akae kivulini, nguo zilegezwe, apepewe na kufutwa kwa kitambaa cha maji. Saa alipoanza kubadilika iandikwe. Mbegu zilizobaki, jani, au hata ganda la tunda vifungwe katika karatasi na vipelekwe hospitali pamoja naye, kwa sababu mwenyewe, atakapozinduka, huenda asikumbuke alichokula.